Hukufunga Mashine, Madam

Malaba,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Madam Nabwire,

Nitakuambia yote. Sitaruka jambo kwa sababu linauma, wala kwa sababu linamhusu mtu mkubwa kuliko mimi. Wewe ndiye uliyetuzoesha kwamba anayeleta tatizo la kompyuta aseme kila alichofanya, hata cha aibu, kwa kuwa kile anachoficha ndicho unachohitaji kukijua. Basi sikiliza.

Nina hasira, Madam. Nimekuwa nayo tangu muhula uanze na haijapoa. Nafula, mwenzangu wa darasa, ananicheka, anasema nikifua nguo nazipiga kama zimeniibia.

Hasira ya kwanza ni ya kifo chenyewe. Kila aliyekuja kutufariji alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi naomba kila asubuhi na sijaacha kuomba, lakini najua kilichotokea, kwa sababu ndugu yako alitueleza. Tumbo lilikushika asubuhi ukiwa nyumbani kwenu Budalang'i kwa likizo. Mto Nzoia ulikuwa umevunja kingo tena, barabara iko chini ya maji, na mashua iliyokuwepo haikuwa na mafuta. Watu walizunguka wakitafuta petroli huku wewe umelazwa kwenye mkeka juu ya tuta, unawaambia wasihangaike, ni tumbo tu. Mlipofika hospitalini daktari akauliza kwa nini hamkuja mapema. Mapema! Kana kwamba mlikuwa mmekaa mkinywa chai. Mungu hakuondoa mafuta kwenye mashua ile. Na wewe, kwa nini uliwaambia wasihangaike? Ungepiga kelele. Ungewatukana. Darasani ulikuwa unajua kupaza sauti vizuri sana tukigusa waya na mikono yenye maji.

Samahani. Nimesema sitaruka.

Siku ya maziko yako basi la shule halikuweza kuja kwenu. Dereva aliuliza njia, akaambiwa barabara inaishia pale maji yanapoanzia, baada ya hapo kila mtu anajitafutia mashua. Mwalimu Mkuu alikuja na walimu wachache, sisi tukabaki. Kidato cha Nne tulikaa kwenye ngazi za maabara ya kompyuta tukikataa kwenda kula. Hakuna aliyetutuma tukae hapo. Tulikaa tu, kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa ukitupata.

Ndipo akaja Naibu wa Mwalimu Mkuu, Bwana Ekesa. Unamjua kuliko mimi, maana mlibishana kila wiki kuhusu stima. "Hizi kompyuta zako zinakula stima kuliko ng'ombe wa gredi wanavyokula dairymeal," alikuwa akikuambia, nawe unamjibu, "Basi Mwalimu, nizikamulie ndoo ngapi?" Siku ile hakutania. Alituangalia pale kwenye ngazi akasema, "Wasichana, mtamwona mwalimu wenu. Ngojeni hapo hapo." Laini ya intaneti ya shule ilikuwa imekufa tangu mvua zianze. Akapanda boda, akavuka mpaka, akaenda kwa shemeji yake mwenye duka la simu upande wa Uganda, akarudi na ruta yenye laini ya huko, ameificha ndani ya koti isilowe.

Naibu ni mwalimu wa Kilimo, Madam. Aliichomeka kwenye tundu la kwanza la mtandao aliloliona nyuma ya kabati. Kisha akaketi mbele ya seva, kwa sababu ndiyo iliyounganishwa na projekta, akafungua kwa nywila aliyopewa na Mwalimu Mkuu, akampigia shemeji simu. "Eeh. Hapo nimefika. Nifute hii namba niandike gani? Sema polepole bwana, mimi si kijana." Halafu, "Imewaka! Kijani! Imewaka!" Nasi tukapiga makofi. Siku ya maziko yako tulipiga makofi, kisha tukatazamana tukaona haya.

Tulikutazama ukizikwa, picha ikiwa ukutani. Ndugu yako alikuwa ameshika simu juu, na picha ilikuwa ikikwama. Ilikwama kwa muda mrefu kwenye mwavuli wa padri, mwavuli wa mistari, hadi leo nikifumba macho nauona. Kisha ikarudi, tukaona sanduku likishuka, tukasikia sauti ya mama yako. Wasichana walishikana. Naibu alisimama nyuma kabisa ya maabara, na nilipogeuka nilimwona anafuta miwani.

Nakuomba ukumbuke hilo la miwani, kwa sababu nitakayoandika sasa hayafanani nalo.

Somo la kwanza baada ya maziko niliketi kwenye kompyuta yangu, Malakisi. Bado zina majina uliyozipa, ya mito ya kaunti yetu: Malakisi, Sio, Malaba, na seva yenyewe Nzoia, kwa sababu ulisema mito yote ya maabara yetu lazima iwe na mkubwa wao, na mtu wa Budalang'i hawezi kumpa ukubwa mto mwingine. Niliandika jina langu na nywila. Mashine ikafikiri. Ikafikiri tena. Kisha ikaandika kwamba haiwezi kuifikia domeni. Nikajaribu Sio. Nafula akajaribu Malaba. Hakuna iliyotufungulia.

Unajua maana yake. Kazi zetu zote za mradi wa mtihani wa taifa zimo ndani ya Nzoia, na mlango wa kuingilia ni domeni ile. Mfumo wangu wa chanjo za ng'ombe wa kule Moding, ule uliokuwa ukiniambia niache kupamba rangi nirekebishe jedwali, uko humo. Kazi ya Nafula iko humo. Na tarehe ya kuwasilisha haimngojei mtu.

Nilikwenda kumweleza Naibu kama ulivyotufundisha kueleza: nilichofanya, nilichotarajia, kilichotokea. Alisikiliza nusu. Siku iliyofuata akasimama paredi, mbele ya shule nzima, akasema: "Kompyuta hazifanyi kazi. Marehemu alizifunga zimtii yeye peke yake. Amekwenda, nazo zimekwenda."

Madam, hata matanga hayakuwa yamepoa.

Hakueleza alimaanisha nini kwa kufunga, kwa hiyo kila mtu akajielezea. Jikoni walitia chumvi kuliko wanavyotia kwenye maharagwe. Mama mmoja wa pale alisema, akiwa anapakua ugali, "Alizitilia dawa. Watu wa huko chini ziwani wanajua mambo." Watoto wa Kidato cha Kwanza wakaanza kupita mbele ya maabara mbio, wameshika sketi. Mmoja wa Kidato cha Pili aliapa kwamba amesikia mtu akichapa kwenye kibodi na mlango una kufuli. Kikundi cha maombi kikaja na chupa ya mafuta, kikapaka kitasa, kikakemea. Kila nilipofungua mlango ule mkono wangu uliteleza, na kila ulipoteleza nilitaka kumpiga mtu.

Walikuwa wanakusema wewe! Wewe uliyekuwa ukikaa na kina fulani wa darasa la chini waliokuwa wakiogopa hata kugusa puku ya kompyuta, unawashika kidole, unasema, "Haiumi, bibi." Wewe uliyempa Mwalimu Mkuu nywila ya seva kwa mdomo wako mwenyewe, ukamwambia aijue, asije akakwama ukipatwa na jambo. Hukwenda na kitu. Kila kitu ulikiacha.

Lakini nimeahidi kusema yote. Nilikukasirikia na wewe. Ulituahidi seva ya pili, ili ya kwanza ikinyamaza ya pili ijibu. "Muhula ujao," ulisema, na muhula uliofuata ukasema hivyo tena. Shule nzima ilikuwa na seva moja, na seva nzima ilikuwa na mtu mmoja. Nilikaa mbele ya skrini ile inayoniambia haiijui domeni, nikakuambia kwa sauti, "Ungenifundisha na mimi, Madam." Nafula alinisikia, akajifanya anatafuta kalamu.

Naibu akaamua seva ifutwe yote. "Tuipanguse, tuanze na moyo safi," alisema kwenye kikao cha walimu. Mwalimu wetu wa Hisabati ndiye aliyetuambia. Sisi Kidato cha Nne tulikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu kama kundi la kuku waliomwagiwa maji. Nilisema kama ikifutwa, tunaanza mradi kutoka sifuri, na wengine hawatamaliza. Mwalimu Mkuu akasema kabla ya kufuta aitwe fundi.

Akaja fundi Wandera kutoka Busia mjini, juu ya boda, begi mgongoni, matope hadi magotini. Alipoingia aliuliza, "Nani anaujua mtandao huu?" Wote wakaninyooshea kidole, nami sikuwa na mahali pa kujificha. Akasema, "Haya dada, kaa hapa. Mimi nikiuliza, wewe jibu." Hakukusema vibaya hata mara moja. Alitazama namna ulivyopanga nyaya kwa rangi, akasema, "Huyu mwalimu alikuwa nadhifu." Nilimpenda kwa hilo.

Alifungua seva, akakuta ile huduma ya majina, DNS, imejaa malalamiko mekundu ukurasa mzima. Nilikumbuka siku uliyotueleza kazi yake. Tulikuwa tumeshuka mjini kununua karatasi, ukatusimamisha kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka, karibu na mama anayeuza chai. Dereva akafika, akamuuliza, "Mama, ajenti anayeitwa Barasa anakaa wapi?" Mama akajibu bila kuinua macho kwenye sufuria: jengo la bluu, mlango wa pili. Dereva mwingine akauliza jina lingine, akajibiwa vilevile. Ukatugeukia. "Kompyuta haijui jina la mtu wala la mwenzake," ukasema. "Inajua namba. Lazima awepo wa kuulizwa. Mama huyu akienda nyumbani, majengo yote yapo, maajenti wote wapo, na hakuna dereva atakayefika." Kisha ukatununulia chai, ukalalamika kwamba haina sukari.

Fundi alisema huduma hiyo inaonekana kuugua, ataiondoa na kuiweka upya. Nilimuuliza kama majina yote yatapotea. "Hapana," akasema. "Majina yamehifadhiwa ndani ya domeni yenyewe. Mimi naondoa mjibu maswali tu, halafu namrudisha kwenye kiti." Akaiondoa. Seva ikazima, ikawaka. Akaiweka upya, na nikaona orodha ikirudi kwenye skrini, mto mmoja mmoja: malaba, malakisi, nzoia, sio. Nilikaribia kuikumbatia ile skrini.

Nikakimbilia Malakisi, nikaandika jina langu. Haikuipata domeni.

Naibu alikuwa mlangoni, amekunja mikono. "Si nilisema? Hata fundi ameshindwa. Yule mama alifunga hizi vitu." Alisema yule mama. Hata jina lako hakulitaja. Nilisimama, Madam. Nafula akanivuta sketi nikakaa.

Fundi naye alianza kukata tamaa. Alijikuna kichwa, akasema huenda kweli ingefaa kufuta. Halafu, kabla hajafunga begi lake, akasogea hadi kwenye Malakisi, akasema tuiulize yenyewe inamuuliza nani. Akaandika amri, ikatokea namba. Akaitazama. Akaenda kuitazama namba ya seva, akarudi. "Hii si namba ya seva yenu. Kompyuta hii haimuulizi Nzoia kabisa. Hii namba ni ya nani?"

Mimi namba ile sikuijua. Lakini nilijua ni kitu gani kilichoingia katika chumba kile baada yako. Nilitembea hadi nyuma ya kabati. Ilikuwa bado iko pale, imejaa vumbi, taa yake ya kijani inapepesa. Ile ile tuliyoipigia makofi.

Hakuna aliyekumbuka kuichomoa. Wote tulitoka mle ndani siku ile tukilia.

Fundi alipoelewa, alicheka hadi akashika meza. "Mungu wangu! Hii ruta inagawa namba kwa kila mashine inayowaka, na inaiambia, ukitaka jina lolote niulize mimi. Kwa hiyo kompyuta za Malaba ya Kenya zinavuka mpaka kila asubuhi kuulizia Nzoia kule Uganda. Nani huko anaijua seva ya shule yenu?" Wasichana wote wakacheka. Hata mimi. Ndivyo tulivyo hapa, tumezoea kuwa na laini mbili za simu mfukoni na kuhamia ya Uganda ya huku ikikataa, safari hii tukasahau kurudi. Fundi akafungua mipangilio ya seva yenyewe, akaacha kucheka. "Ona. Hata yenyewe iliambiwa iulize huko. Nzoia ilikuwa inakwenda Uganda kuuliza Nzoia ni nani." Ndiyo namba aliyosomewa Naibu kwenye simu. Huduma uliyoiweka haikuwa imeugua. Fundi aliiondoa na kuirudisha bure. Haikuwa na kosa lolote.

Nilitazama mlangoni. Naibu hakuwapo tena.

Fundi alichomoa ruta. Akairudishia seva namba yake, ijiulize yenyewe kama ulivyoipanga. Akaiwasha upya, akaniambia nikae kwenye Malakisi niandike jina la seva, tuone kama kuna anayejibu. Nilipaswa kuandika nzoia. Vidole vilikataa. Nilikuwa naandika jina la maji yaliyokata barabara yako. Nililichapa kwa nguvu, kila herufi, nikasikia fundi akisema, "Taratibu dada, kibodi haina kosa." Ikajibu papo hapo, ikanipa namba ile ile uliyoipa wewe mwenyewe. Kisha nikaingia kwa jina langu, na ng'ombe wote wa Moding walikuwa pale, na jedwali ambalo bado halijarekebishwa. Nililia. Fundi akajishughulisha na kukunja waya uliokuwa tayari umekunjwa.

Hapo nilidhani hasira imekwisha. Ndiyo kwanza ikaanza.

Ijumaa Naibu aliniita nyuma ya stoo ya mbolea, karibu na vitalu vya sukuma wiki vya darasa lake. "Akisa, mtoto wangu," akaanza, na nikajua kuna jambo, maana siku nyingine huniita wewe msichana. Alizungumza kuhusu mvua. Alizungumza kuhusu sukuma. Kisha akasema, "Hili jambo la kompyuta. Mwalimu Mkuu anataka ulieleze Jumatatu paredi. Sasa, mimi naona tuseme ilikuwa radi."

"Radi, Mwalimu?"

"Malaba hii nani atauliza? Inapiga kila mwaka. Iliunguza kitu, fundi akabadilisha, yamekwisha. Marehemu anatoka safi, na mimi natoka safi. Radi haitakuja ofisini kulalamika."

Alitabasamu. Alidhani amepata njia nzuri. Na nadhani, Madam, aliitafuta kwa bidii, labda hakulala vizuri. Lakini nilimwambia, "Mwalimu, wakisikia radi watasema yeye ndiye aliyeituma."

Tabasamu likaisha. Anajua namna watu wanavyozungumza kuhusu radi huku kwetu. Mama wa jikoni angepata la kusema hadi Krismasi. Aliketi juu ya gunia la mbolea, akavua miwani, akaishika tu bila kuifuta.

"Mimi niliileta ili mumwone," akasema.

Nilichukia kwamba ni kweli. Ningependa awe mtu mbaya wa moja kwa moja, nimchukie kwa raha. Lakini bila ruta ile tusingeuona mwavuli wa padri, tusingemsikia mama yako, tungekaa kwenye ngazi hadi giza tukikuzika kwa kukisia. Na bila ruta ile hakuna ambaye angesema ulitia dawa kompyuta za watoto. Mikono ile ile imefanya yote mawili. Sijui mtu huikasirikia vipi nusu ya mkono.

Sikumjibu vizuri, nakiri. Nilisema, "Ulimsema mbele ya shule nzima, Mwalimu. Utamwomba radhi nyuma ya stoo?" Kisha nikaondoka bila kuruhusiwa. Nilingoja niitwe kuadhibiwa. Hadi leo sijaitwa. Jana nilimwona akipita karibu na maabara, akasimama, akafuta kitasa kwa leso yake yale mafuta ya maombi yaliyobaki, akaenda zake. Sijui alikuwa anafikiri nini.

Mwalimu Mkuu hakuniuliza ni nani. Fundi alimwambia tu kwamba kuna kifaa kilichochomekwa mahali pasipofaa, naye akaniambia nieleze kwa lugha ambayo hata Kidato cha Kwanza wataelewa, halafu waache kukimbia mbele ya maabara. Hakusema zaidi. Labda anajua. Yeye ndiye aliyetoa nywila.

Kwa hiyo kesho nitasimama. Radi sitaisema. Nitasema kwamba Madam Nabwire hakufunga kitu, na nitalisema mara mbili, mara ya pili nikitazama upande wa jikoni. Nitasema kuhusu mama wa chai na madereva, ili waelewe. Lakini nikisema kompyuta zilikuwa zinauliza mahali pengine, wataniuliza mahali gani, na nikisema ruta, kila msichana wa Kidato cha Nne anajua nani aliileta ndani ya koti. Nafula tayari ameshamtungia jina. "Bwana Kijani," anamwita, na ataimba hivyo hadi tumalize shule, na wadogo watarithi. Nikisema kifaa tu bila kukitaja, watarudi kwenye dawa na mafuta. Nikikitaja, mtu aliyevuka mpaka kwenye mvua kwa ajili yetu atakuwa kichekesho mpaka astaafu. Kuna saa nataka hivyo hasa. Kuna saa naona ile miwani.

Nimekueleza yote, Madam. Sasa ahadi yangu, na hii si ya muhula ujao. Mwalimu Mkuu amekubali tuchukue kompyuta ya zamani ya ofisini, na fundi Wandera amesema atakuja likizo ya Agosti tuitengeneze iwe seva ya pili. Kazi hiyo sitaifanya peke yangu. Nimeshachagua wasichana wawili wa Kidato cha Pili, mmoja wao ni yule aliyesikia kibodi ikichapa, na Jumatano walijifunza kuiuliza kompyuta inamuuliza nani. Walifurahi kama wamepewa mandazi. Nikiondoka hapa mwisho wa mwaka, hakuna atakayesimama paredi na kusema nimeondoka na kitu. Na jedwali langu nitalirekebisha, rangi nimeziacha.

Pumzika huko kwenye tuta, Madam, mahali pakavu. Maji yakishuka nitakuja na Nafula, hata kama ni kwa miguu kutoka mwisho wa barabara.

Ni mimi mwanafunzi wako, Akisa, kiranja wa maabara.

Lakini kengele ya paredi inalia mapema, na hili nataka unijibu kabla haijalia, kwa namna yoyote unayoweza. Maneno yote mawili ni ya kweli na nitayasema yote mawili; ila wasichana watacheka au watanyamaza kutegemea lile watakalolisikia kwanza. Nikiitaja ile ruta, nianze na lipi: kwamba ndiyo iliyoharibu mtandao wako, au kwamba ndiyo iliyotuwezesha kukuzika?